Presha ya baba ilipimwa barazani

Mwandishi ahsante, ila umeishia getini. Kwenye makala yako umetuambia SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ina vijana wa Unguja, Pemba, Bara na nje ya nchi, na kwamba mchanganyiko huo unabadilisha jamii. Unabadilishaje? Ngoja nikupe la mtaani kwetu Kikwajuni.

Nyumba ya jirani wamepanga wanafunzi wanne wa afya: wawili wa Wete, mmoja Mngazija wa Komoro, mmoja wa Mtwara. Mwanzo watu walinong'ona, hasa kuhusu huyo wa Mtwara kwa vile ni Mkristo (sisi kwa maneno hatujambo). Jumamosi moja wakatoka na mashine ya presha, wakakaa na wazee wanaocheza bao. Baba yangu, ambaye hospitali haendi mpaka abebwe, akanyoosha mkono kwa sababu tu mmoja wa Wapemba alimtania kuwa anaogopa. Ikasoma 190 kwa 110! Kijana wa Mtwara ndiye aliyempakia bodaboda wakaenda. Leo baba anameza vidonge vyake kila siku, na jioni asipomwona "mwanangu wa Mtwara" anamuulizia.

Haikuwa warsha wala mradi. Wanaishi na sisi, basi. Ndiyo maana mimi dahalia (mabweni) za chuo kule Tunguu, nje ya mji, hazinifurahishi sana, ingawa najua kodi za mjini zinawaumiza.

Na wale wenye nyumba wanaosema "tunataka Waunguja tu", mbona mwandishi hukuwagusa?