Gegedu la Goti: Ujana wa Seli Hautoshi

Gegedu, tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, likiharibika katika goti la mtu mzima, mwili hauna uwezo mkubwa wa kulirudisha. Halina mishipa ya damu, na vipimo vya kaboni-14 vilivyochapishwa mwaka 2016 vilionyesha kuwa kolajeni yake, yaani protini inayolipa uimara, karibu haibadilishwi tena mtu akishakomaa. Tangu madaktari wa Gothenburg, Sweden, watoe mwaka 1994 matokeo ya wagonjwa 23 waliopandikizwa seli zao wenyewe zilizokuzwa maabara, ubishi umekuwa juu ya seli ipi inafaa, na iwe imefikia hatua gani ya ukuaji.

Wanaopendelea seli changa wana hoja. Seli za gegedu la mtoto huzaliana upesi na kujenga gegedu jipya kwa wingi. Za mtu mzima, zikikuzwa muda mrefu maabara, huacha kutoa kolajeni aina ya 2, iliyo ya gegedu zuri, na kuanza kutoa aina ya 1, ambayo ndiyo ya makovu.

Kinachonitia shaka ni kolajeni aina ya 10. Sehemu kubwa ya gegedu la mtoto aliye tumboni haikukusudiwa kudumu, kwani ni kiunzi cha muda cha mfupa ujao. Seli zake huvimba, hutoa kolajeni hiyo, kalisi hujaa, mishipa ya damu hupenya, kisha mfupa hushika nafasi. Seli shina za uboho zikichochewa ziwe gegedu huifuata njia hiyohiyo. Aina ya 10 huonekana zingali maabara, na zilipopandikizwa chini ya ngozi ya panya zilijaa kalisi. Seli zilizotoka kwenye gegedu la kiungo, katika jaribio hilohilo, zilibaki gegedu. Hili halisemwi vya kutosha: seli inaweza kuwa na nguvu zote za ujana na bado ikawa safarini kuelekea mfupa.

Gegedu la kiungo lina ukoo wake. Hutokana na seli zinazojitenga mapema mahali kiungo kitakapotokea, zikitambulika kwa jeni ya GDF5. Hata kwa mtu mzima, tabaka lake la juu lina seli tangulizi chache zinazoweza kuzalishwa mara nyingi bila kupoteza uwezo wa kujenga gegedu, na kolajeni aina ya 10 kwao huwa kidogo kuliko kwa zile za uboho. Ni kweli kwamba kuzipata kunahitaji kumega gegedu lenye afya, na mgonjwa hupasuliwa mara mbili. Gharama hiyo naiona inabebeka kuliko kupandikiza kitakachogeuka mfupa ndani ya goti.

Seli shina za kiinitete nazo zinaweza kuelekezwa kwa protini za ishara: TGF-beta huzisogeza upande wa gegedu la kiungo, BMP4 upande wa mfupa. Ila zikibaki chache ambazo hazijageuka, zinaweza kuzaa uvimbe wa seli zinazokua ovyo.

Kwa hiyo picha ya gegedu jeupe, laini, wiki chache baada ya upandikizaji hainitoshi. Nataka kipande hichohicho kipimwe kolajeni aina ya 10 na kalisi miezi mingi baadaye.