Joan Kirner: Deni Alilorithi na Asilimia 35 Aliyoipigania

Agosti 1990, Joan Kirner alipokuwa mwanamke wa kwanza kushika uwaziri mkuu wa jimbo la Victoria, Australia, hazina ilikuwa taabani. Tricontinental, kampuni tanzu ya Benki ya Serikali ya jimbo, ilikuwa imekopesha ovyo hadi hasara ikapita dola bilioni 2. Wiki chache baadaye akatangaza kwamba benki hiyo, iliyokuwepo tangu 1842, inauzwa kwa Commonwealth Bank. Wapo wanaomkumbuka kwa hilo tu.

Wanaomlaumu wana hoja. Alikuwa waziri tangu 1985, na baraza la mawaziri lililofumbia macho Tricontinental lilikuwa lake pia. Aliposhika usukani alisita kubana matumizi. Oktoba 1992 chama chake cha Labor kikaangushwa, kikabaki na viti 27 kati ya 88 vya bunge la jimbo.

Lakini wakati mikopo ile ikitolewa, Kirner alikuwa kwenye wizara ya misitu na ardhi. Huko ndiko mwaka 1986 alikoanzisha Landcare, mpango wa vikundi vya kutunza ardhi, pamoja na Heather Mitchell, kiongozi wa wakulima, kundi ambalo kwa kawaida haliivani na Labor. Leo vikundi vyake ni maelfu nchi nzima. John Cain, waziri mkuu aliyemtangulia, alipojiuzulu, Kirner alikabidhiwa jahazi lililokwisha kuingia maji, kisha akalaumiwa kwa kulowa. Magazetini alichorwa na gauni la madoadoa ambalo mwenyewe alisema hakuwahi kuwa nalo. Cain, mwenye kubeba zaidi lawama ya deni lile, hakupimwa kwa mashati yake.

Benki ingeuzwa na yeyote ambaye angekalia kiti kile. Kanuni ya 1994 ni jambo jingine. Labor ilikubali kwamba ifikapo 2002 wanawake wapewe asilimia 35 ya viti ambavyo chama kinatarajia kushinda. Neno zito hapo ni kushinda: bila hilo, chama kingeweza kuwajaza wanawake kwenye viti visivyoshindika na bado kikajisifu. Kirner aliisukuma kanuni hiyo kwa nguvu zote, na ilipopita alikuwa ameshaondoka bungeni. Wapinzani walihofia wateule wasio na sifa, kana kwamba wanaume waliokuwepo walikuwa wamefanyiwa mtihani.

Kabla ya hapo, kwa kila wabunge watano wa Labor katika Bunge la Shirikisho, hakufika hata mwanamke mmoja. Baada ya uchaguzi wa 2022 wanawake walivuka nusu. Wapinzani wao wa chama cha Liberal, waliokataa kiwango cha lazima, hawakufika theluthi.