Bandung: mkosaji alihukumiwa kifo, fidia ya wasichana je?

Kesi ya mwalimu wa shule ya bweni ya Kiislamu mjini Bandung, Indonesia, aliyewabaka wanafunzi wake 13, inakumbukwa kwa ukali wa adhabu. Februari 15, 2022 alihukumiwa kifungo cha maisha. Aprili 4 mahakama ya rufaa ikamhukumu kifo, na Desemba Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake. Wengi walishangilia, na hasira yao naielewa. Lakini hukumu ile ya Aprili ilibadili jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana: nani atawalipa wasichana.

Mahakama ya kwanza iliamua wapewe fidia ya zaidi ya rupia milioni 331 kwa jumla. Kwa kuwa sheria ya jinai ilizuia kumbebesha mfungwa wa maisha adhabu nyingine ya namna hiyo, majaji wakaiagiza wizara ya wanawake na watoto ilipe. Mahakama ya rufaa ikakataa. Serikali haikutenda kosa, mahakama hiyo ilisema. Ikianza kuwalipia wabakaji, mfano utakuwa mbaya na mhalifu hataonja uchungu wa alichofanya. Deni likarudi kwake, na mali zake zikaamriwa zipigwe mnada.

Hoja hiyo ina uzito. Aliyeharibu ndiye anayepaswa kulipa, na kanuni za fidia za wakati ule zilimtaja mkosaji au mtu mwingine aliyekubali kumlipia, si hazina ya taifa.

Ila tuifuate hoja hiyo hadi nyumbani kwa msichana. Wengi wao walitoka familia maskini, wakavutwa na elimu ya bure. Kadhaa walijifungua wakiwa bado watoto. Zile rupia milioni 331, hata zikigawanywa sawa, hazifiki milioni 30 kwa kila mmoja, kama dola 2,000 za wakati ule. Ndizo za matibabu, za kurudi shule na za maziwa ya mtoto. Halafu fedha hizo kidogo zinadaiwa kwa mtu anayesubiri kuuawa, asiyeweza tena kufanya kazi. Mnada usipotosha, wamdai nani? Adhabu imekuwa kubwa zaidi huku malipo yakiwa mashakani zaidi, nasi tukaita yote mawili haki. Wala serikali haikuwa mpita njia: wizara ya dini ndiyo iliyoipa shule ile kibali, ikakifuta baada ya uovu kufichuka.

Siku 8 baada ya hukumu ya rufaa, bunge lilipitisha sheria ya makosa ya ukatili wa kingono, namba 12 ya mwaka 2022. Mawakili wa utetezi wana hofu nayo, hasa kifungu kinachosema ushahidi wa mwathirika ukiongezwa ushahidi mwingine mmoja unatosha kumtia mtu hatiani. Haki ya mshtakiwa ni kitu cha kulindwa. Lakini sheria ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1981 nayo ilidai ushahidi wa aina mbili na jaji aridhike. Kizingiti hakijashushwa kama wanavyodai.

Kwa fidia, sheria ya 2022 imeyajibu maswali ya Bandung. Wapelelezi wanaweza kuzuia mali ya mtuhumiwa mapema kwa idhini ya mahakama, kabla hajaificha. Mali ya aliyehukumiwa isipotosha, serikali inajazia pengo kupitia mfuko wa waathirika. Wanaosema huko ni kumwonea mlipa kodi wasahau kidogo hesabu za mkosaji, watazame mtoto anayehitaji ada mwezi huu.

Shida ni kasi. Kanuni za kuuendesha mfuko huo zilitolewa mwaka 2025, miaka mitatu baada ya sheria. Hata sasa mpangilio ni kumkamua mkosaji kwanza, kisha serikali iongezee. Naona ungegeuzwa: mfuko umlipe mwathirika mara hukumu inapokuwa ya mwisho, halafu serikali, yenye mawakili na madalali wa mnada, ihangaike yenyewe kumdai aliyefungwa.