Mtu wa kujitolea anatosha kupima macho ya mtoto?

Mtoto wa miaka minne ameketi mbele ya chati ya picha. Dada anayejitolea amemwambia afunike jicho la kushoto kwa kiganja, kisha ataje anachokiona: tufaha, nyumba, duara, mraba. Anazitaja zote na watu wanampigia makofi. Aliyesimama pembeni ndiye anayegundua kwamba vidole vimeachana kidogo, na jicho la kushoto linachungulia katikati yake. Mtoto hakudanganya mtu. Ameulizwa picha, naye ametumia jicho linaloona.

Wanaopinga upimaji wa watu wa kujitolea wanaanzia hapo, na siwezi kuwapuuza. Kwao, mtoto aliyeambiwa yuko sawa ilhali hayuko sawa ana hali mbaya kuliko asiyepimwa kabisa, kwa sababu mzazi hatamtazama tena kwa wasiwasi. Uingereza, kwa mfano, inapendekeza upimaji wa watoto wa miaka 4 hadi 5 uongozwe na wataalamu wa makengeza na ushirikiano wa macho mawili.

Upande wa pili una hoja moja nzito: muda. Ambliopia, au jicho vivu, ni jicho ambalo ubongo umezoea kulipuuza, mara nyingi kwa sababu lina makengeza au linahitaji lenzi tofauti sana na ya mwenzake. Huwapata watoto kama 2 hadi 4 katika kila 100. Haliumi, na mtoto halalamiki kwa kuwa hajui kuna kuona kwingine. Tiba yake, yaani miwani na kuziba jicho lisilo na tatizo kwa saa chache kila siku, hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7. Tukisubiri wataalamu watoshe, watoto wengi watakuwa wameshaupita umri huo.

Je, wasio wataalamu wanaiweza kazi? Marekani, utafiti uitwao Vision in Preschoolers uliwalinganisha wauguzi na watu wa kawaida waliofunzwa, wakipima watoto wa miaka 3 hadi 5. Kwa mashine za mkononi zinazopima jinsi jicho linavyopinda mwanga, makundi hayo mawili yalikaribiana. Kwa chati yenye picha zilizopangwa mstari, wauguzi waligundua watoto wengi zaidi wenye matatizo. Kwangu mimi hilo linaamua nusu ya mjadala: mpe anayejitolea mashine, na kama ni lazima atumie chati, basi jicho lifunikwe kwa plasta, si kwa kiganja.

Lakini mashine nayo ina mipaka. Inaonyesha dalili za hatari, haipimi kuona kwenyewe. Tufanye hesabu ya mfano. Watoto 1,000 wamepimwa, na 30 kati yao wana jicho vivu. Kipimo kinagundua wawili katika kila watatu, na kinawatilia shaka kimakosa watoto 10 katika kila 100 wasio nalo. Watoto 20 watagunduliwa, 10 watarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa "sawa", na 97 wasio na jicho vivu watatumwa kwa daktari. Wazazi 97 watahangaika, watakosa kazi siku nzima, huenda na kulipa. Na kwa ajili ya wale 10, neno "sawa" linanitisha likiandikwa kwenye karatasi ile. Iandikwe "leo hatujaona tatizo", na chini yake: ukiona jicho linapinda, au mboni inang'aa nyeupe kwenye picha ya kamera, nenda hospitali usingoje.

Jambo ambalo pande zote mbili hulizungumzia kwa uchache ni kinachofuata baada ya upimaji. Mwaka 1968, wataalamu wawili, Wilson na Jungner, waliliandikia Shirika la Afya Duniani kanuni za uchunguzi wa magonjwa, na mojawapo ni kwamba huduma za kuthibitisha ugonjwa na kuutibu ziwepo. Vikundi vingi hujivunia idadi ya waliopimwa. Mimi ningeuliza: kati ya wale 117 (20 na 97) waliopewa barua ya kwenda kwa daktari, wangapi walimfikia? Wangapi walipata miwani, na bado wanaivaa?

Kuwapigia wazazi simu na kuwauliza hayo hakuhitaji shahada ya udaktari. Kunahitaji orodha ya namba na mtu mwenye subira, wiki mbili baada ya upimaji, na tena mwezi unaofuata: "Mama, mliweza kwenda? Kilichowakwamisha ni nini?" Kikundi kisicho na mtu wa kupiga simu hizo ningekishauri kipime watoto 100 badala ya 1,000.