Umri wa ndoa Tanzania: hukumu ipo, ulinzi bado

Wanaotetea vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya baba ilhali mvulana husubiri 18, wana hoja ya kusikilizwa. Ukimzuia binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya baba, wanasema, mwenye mimba atazaa nje ya ndoa, na wazazi wataozesha kimyakimya. Hofu hiyo ya pili ina msingi: ndoa nyingi za kimila hazisajiliwi, na mke asiye na cheti hupata tabu kudai matunzo.

Ila tazama ndoa yenyewe inamfanyia nini. Kifungu cha 130(2)(e) cha Kanuni ya Adhabu kinasema kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, hata akikubali. Isipokuwa awe mke wa mtu huyo, ametimiza miaka 15 na hawajatengana. Binti ni yuleyule wa miaka 16, mwanamume ni yuleyule. Bila ndoa, adhabu haipungui miaka 30 jela; wakishaoana, hakuna kosa. Kwenye kubakwa, sheria inasema ridhaa yake si kitu kwa kuwa ni mtoto. Kwenye kuolewa, ridhaa hiyohiyo, ikiungwa mkono na baba, inatosha kumfunga maisha. Na aliyempa mimba akimwoa, mashahidi wa kosa la awali sasa ni mkewe na wakwe zake. Nani atakwenda polisi?

Mahakama Kuu iliviona vifungu hivyo vya Sheria ya Ndoa kuwa vya ubaguzi tarehe 8 Julai 2016, katika kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi, ikaipa serikali mwaka mmoja kuweka miaka 18 kwa wote. Rufaa ya Mwanasheria Mkuu ilitupwa tarehe 23 Oktoba 2019. Hata ukianza kuhesabu mwaka upya siku hiyo, Oktoba 2020 ilifika vifungu vikiwa palepale.

Kuipa serikali muda kuna busara yake, maana kufuta ghafla huacha pengo. Lakini Ibara ya 30(5) ya Katiba inaihesabu sheria iliyopewa muda kuwa halali hadi irekebishwe au muda uishe, mradi muda mfupi zaidi ndio uzingatiwe. Kwa maneno hayo, uhalali wa vifungu hivi umekwisha. Tatizo ni kwamba mfungishaji ndoa anafuata kitabu cha sheria alichonacho mezani, na humo bado imeandikwa 15.

Taarifa ya kusudio la ndoa hutolewa siku 21 kabla. Hapo ndipo pa kuzuia, hata kabla ya muswada: Msajili Mkuu wa Ndoa awaandikie wafungishaji wote, wa serikali na wa dini, wasipokee taarifa ya binti ambaye hajatimiza miaka 18.