Usafiri wa Dodoma: wananchi waulizwe kabla mstari haujachorwa

Wapo wataalamu wanaoamini kuwa mikutano ya wananchi inachelewesha tu mipango ya usafiri Dodoma. Mtu anakuja na ramani ya miaka ishirini ijayo, anaomba maoni, na swali la kwanza kutoka kwenye viti vya plastiki ni: "Fidia lini?" Mkutano unaishia hapo.

Hawakosei moja kwa moja. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, imebuniwa ili malori ya njia za Dar es Salaam, Singida, Iringa na Arusha yasilazimike kukatiza mjini. Hakuna mtaa ambao ungekaa kikao peke yake ukalifikia wazo hilo. Tena usipotenga hifadhi ya barabara leo, mwakani utakuta watu wameshapaua.

Lakini kuna hesabu ambayo hainitoki kichwani. Sensa ya 2012 iliikuta Dodoma Mjini na watu 410,956. Ya 2022 ikakuta 765,179. Wameongezeka watu 354,223, yaani wastani wa 97 kila siku kwa miaka kumi mfululizo. Hawa hawakupata nafasi Uhindini, katikati ya mji. Ukiwataka, nenda Nala, Mkonze, Nzuguni, Ihumwa. Na mji wenyewe umetawanyika: wizara ziko Mtumba, mabasi ya mikoani yako Nanenane, chuo kikuu kiko huko kilimani. Wanakwendaje kazini watu wote hawa?

Mchukue mama anayetoka Nkuhungu kwenda kufanya usafi Mtumba. Anatoka nyumbani giza halijaisha, anatembea hadi lami, anapanda daladala hadi mjini, anashuka, anapanda nyingine. Akichelewa anachukua bodaboda, na faida ya siku imekwenda. Anayehesabu magari barabarani atamwandika kama abiria wawili kwenye njia mbili. Hatajua kuwa ni mtu mmoja, wala kwamba kifuku kikianza korongo la nyuma ya nyumba yake hujaa, akalazimika kuzunguka mbali kuifikia hiyo lami. Habari hizo anazo yeye, na hakuna kifaa kitakachozitoa kwake zaidi ya kumuuliza.

Hata swali la fidia ninalielewa. Tangu 1973 hadi 2017 ardhi ya mji huu ilikuwa mikononi mwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, watu wakiishi na hati za miaka 33 na hofu ya bomoabomoa. Aliyepita humo akiona ramani anatafuta kwanza nyumba yake. Ajibiwe hilo kwa uwazi, kisha mazungumzo ya vituo na njia za miguu yataanza.

Mpango wa makao makuu wa 1976, uliochorwa na kampuni kutoka Kanada, uliwapa kipaumbele watembea kwa miguu na ukatenga njia maalumu za mabasi. Wataalamu wale waliona mbali. Mji ukajengwa vingine. Sidhani kama mkazi wa Chang'ombe aliwahi kuelezwa kuwa ameahidiwa njia ya basi. Angeidai kwa msingi gani?

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe, kwa hiyo suala si kama waitwe au wasiitwe. Ukiitisha mkutano saa nne asubuhi siku ya kazi utawapata wenye viwanja na wastaafu. Yule mama wa Nkuhungu yuko Mtumba anapiga deki. Maoni yachukuliwe jioni, kwenye vituo vya Sabasaba na Nanenane, abiria wakiwa kwenye foleni ya daladala na madereva wa bajaji wakiwepo, na yachukuliwe kabla njia haijachaguliwa. Kisha ofisi ya kila mtaa ibandike karatasi inayoonyesha maoni gani yamekubaliwa, yapi yamekataliwa, na kwa sababu gani.