Sikulia, Nilikuwa Naitikia Salamu

Kwa kuwa Haji ameshakutumieni ile sauti, na wengine mmeshanibandika jina la "Kizibo", bora mnisikie na mimi.

Ni kile kisiwa kidogo mbele ya Wete, Pemba. Sikitaji, kwa sababu mchumba wangu kwao ni huko. (Tukijaaliwa bado ni mchumba, nitajua Ijumaa.) Kiwanda cha kukamulia mafuta ya nazi kimebaki kuta. Mabati yameezekea mabanda ya mbuzi, mbao zimeishia jikoni, mashine zimeuzwa chuma chakavu. Imebaki boila tu, lile tangi la chuma la kuchemshia maji ya mvuke, maana hakuna mashua ya kuibeba. Imelala kama nyangumi, kutu inabanduka kama magamba ya changu.

Mimi na ujuaji wangu, nikapanda juu nikaanza kumsomesha mwenzangu.

"Yakhe, waona tundu hili lina umbo la yai? Si bure. Funiko lake huingizwa kiubavu, likageuzwa, likakaa kwa ndani. Mvuke ukipanda unalisukuma, na kila likisukumwa linazidi kukaza."

"Mtu anapita hapo?"

"Kiasi cha sentimita 40 kwa 30! Mafundi walikuwa wakiingia kukwangua ukoko wa chumvi."

Haji hakusema kitu. Alinitazama tumbo tu.

Basi nikaingiza miguu. Mapaja yakapita, kiuno kikapita kwa taabu, tumbo likagoma. Nikataka kurudi juu, bizimu la mkanda likanasa kwa chini. Kila Haji akinivuta, nazidi kukaza. Nimesimama nusu ndani nusu nje, kama khatibu kwenye mimbari.

Maji yalikuwa bamvua, yamekupwa mbali, kina mama wanatoka kuchokoa pweza. Wakaja kutazama. Mbele yao nani? Shangazi yake mchumba.

Na wakati huohuo, kule chini, kitu chenye miguu mingi kikaniparamia kisigino. Boila imetoboka tumboni kwa kutu, kaa ndio mlango wao. Msicheke. Mtu mzima yuko mbele yako, utafanya nini?

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Kaa kifundoni, anaingia ndani ya suruali.

"Wa kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu." Kaa kwenye ugoko. Anapanda pole pole, mguu mmoja mmoja, kama anayehesabu ngazi.

"Na mama, ule mguu wake?"

"Umepoa, alhamdulillahi." Kaa juu ya goti. Akatulia, nadhani naye alitaka kusikia habari za mama. Mie pumzi sina, jasho linanitoka mpaka kwenye nyusi, na shangazi hana haraka hata kidogo.

"Na baba amesharudi Tanga?"

Kaa akapiga hatua mbili. Akabana.

"AMESHARUDIIIIII!"

Ndiyo hiyo sauti mliyotumiwa. Haikuwa kilio, ilikuwa jibu. Ila ilizunguka ndani ya boila ikatokea kwa chini, watoto wakatimua mbio wakipiga kelele "Popobawa!", lile shetani la usiku, na mmoja hadi leo hajarudi kuchukua ndoo yake.

Yaliyofuata nayapita haraka. Shangazi akatwaa pweza mmoja, akanipaka ute wake tumboni kuzunguka tundu lote, Haji akapenyeza mkono akafungua mkanda, wakahesabu moja mbili tatu. Nilitoka. Suruali haikutoka. Kaa pia.

Nikasitiriwa kanga. Nimevuka nayo mpaka Wete, bandari nzima inanisoma mgongoni: WEMBAMBA WA RELI, TRENI HUPITA. Shangazi anasema ndiyo iliyokuwa karibu. Mimi simuamini.

Atakayekwenda bamvua lijalo aniopolee suruali, funguo za pikipiki zimo. Mfuko wa nyuma. Aikung'ute kwanza.